FIDLA YENYE JINA NA SAUTI ISIYO NA JINA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kasulu na Kibondo



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya sinema, jambo lipendwalo na vijana wetu na kulaumiwa na wazee wetu. Hatutasema habari za sinema zote, maana usiku hautatosha. Tumechagua mchezo mmoja tu, uliotengenezwa Berlin mwaka 1935 na kuitwa Stradivari, ambao habari yake ni fidla. Kutoka Berlin tutaomba ruhusa tupite Vugiri, katika milima ya Usambara, na kutoka Vugiri turudi hapa kwetu Buha. Njia ni ndefu, lakini neno tulitakalo liko njiani, na mwenye kuijua kazi ya karani huenda akaliona kabla hatujalitaja.

Kwanza fidla yenyewe. Wengi wetu twaijua kwa kuisikia katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Waliopata kusikia santuri za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani, wanaikumbuka ile sauti nyembamba imfuatayo mwimbaji kama mtoto amfuataye mamaye sokoni. Hutoka katika sanduku jepesi la mbao, uso wake wa msonobari na mgongo wake wa mti mgumu wa nchi za baridi, lenye nyuzi nne, na hupigwa kwa uta uliofungwa singa za mkia wa farasi.

Mafundi wa kazi hiyo waliosifiwa kuliko wote walikaa Cremona, mji wa Italia ya kaskazini, na mkuu wao ni Antonio Stradivari. Alizaliwa yapata mwaka 1644, akafa mwaka 1737, naye aliendelea na kazi karibu hata mwisho wa umri wake. Yakisiwa kuwa alitengeneza vinanda zaidi ya 1,000, na vilivyosalia leo ni kama 650. Ndani ya kila kimoja alibandika kikaratasi chenye maneno ya Kilatini yasemayo ya kuwa Antonio Stradivari wa Cremona alikuwa akikitengeneza mwaka fulani. Makarani mtafurahi kusikia kwamba kikaratasi hicho kilikuwa fomu: jina na mji vilipigwa chapa, na tarakimu za mwisho za mwaka zikaachwa zijazwe kwa kalamu. Fomu ile ya kidole kimoja ndiyo iliyofanya fidla zake zijulikane nani alizifanya, wapi, na lini, baada ya yeye na wanawe wote kulala kaburini.

Penye hati njema hapakosi hati ya kughushi. Katika karne ya 19 viwanda vya Ujerumani na Bohemia vilitengeneza fidla za bei rahisi kwa maelfu na maelfu, na ndani yake vikabandika kikaratasi kile kile chenye jina la Stradivari. Hata leo kuna watu wanaofungua sanduku la marehemu babu yao, wakaona jina, wakadhani wamekuwa matajiri. Si ajabu, maana fidla moja ya kweli ya fundi huyu, iitwayo Lady Blunt, iliuzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9, na fedha zile zikapelekwa kuwasaidia Wajapani waliopatwa na tetemeko la nchi. Lakini mwaka 2012 wataalamu walitoa taarifa ya jaribio ambalo wapiga fidla 21 waliobobea walipewa fidla za kale na fidla mpya, macho yao yakiwa yamezibwa kwa miwani ya giza, na wengi hawakuweza kuzitambua za kale, wala hawakuzipenda kuliko nyingine. Twaona basi ya kuwa sehemu kubwa ya thamani ile imo katika jina. Hatusemi hili kwa dhihaka. Jina ni kitu kikubwa, na tutalirudia.

Mchezo wa Berlin ulitungwa juu ya hofu na tamaa za watu kwa vitu vya namna hii. Afisa kijana wa jeshi la Hungaria anarithi fidla ya Stradivari. Ampenda binti wa Kiitalia anayejifunza muziki. Kisha aambiwa ya kuwa fidla ile imekwisha kuwaletea msiba wote waliopata kuwa nayo, na mchezo unaturudisha nyuma hata siku za fundi mwenyewe, tuone chanzo cha laana. Vita vya 1914 vyaingia. Na kwa kuwa Italia na Hungaria zilipigana pande mbili, wapendanao hao wanakuwa raia wa nchi zilizo adui. Hatusemi kuwa ni mchezo mkubwa. Kitongoji cho chote cha Heru au Muhambwe kina hadithi ya kitu cha urithi kisichotakiwa kuguswa, na nyingine ni tamu kuliko hii. Tena mambo ya kweli yameushinda. Mwaka uliofuata, 1936, fidla ya Stradivari ya Bronisław Huberman, mpiga fidla mashuhuri aliyekataa kupiga Ujerumani baada ya Hitler kushika serikali, iliibwa New York, katika jumba la Carnegie Hall, naye mwenyewe yuko jukwaani akipiga nyingine. Aliyekuwa nayo tangu hapo akaipaka rangi ya viatu, akaipiga katika mahoteli na karamu miaka karibu 50, hata alipokuwa karibu kufa ndipo akamwambia mkewe itazame vizuri. Fidla ya mamilioni iliimba mbele ya watu wakila chakula chao, na hapana aliyegeuka, kwa sababu jina lilikuwa limefunikwa.

Lakini hatukuuchagua mchezo huu kwa ajili ya laana. Tuliuchagua kwa sababu ulitengenezwa mara mbili.

Mtakumbuka kwamba mwaka 1935 sinema isemayo ilikuwa changa. Marekani ilitoa The Jazz Singer mwaka 1927, na kabla ya hapo picha zilikuwa bubu, zikipigiwa kinanda pembeni. Namna ya kutia sauti iliyoshinda ni hii: sauti huandikwa pembeni mwa ukanda wa picha kama mstari wa weusi na weupe, taa hupenya mstari ule, jicho la umeme hupokea mwanga unaopungua na kuzidi, na kuugeuza kuwa umeme, na umeme hutoka katika kipaza sauti ukiwa sauti ya mtu, au ya mlango, au ya fidla. Ni ufundi wa ajabu. Lakini uliharibu kitu kimoja. Picha bubu ya Berlin ilionyeshwa Paris na London bila taabu, maana yatosha kubadili maandishi machache. Picha isemayo Kijerumani ikifika Paris, Wafaransa huketi kama wageni waliokaribishwa karamuni wakanyimwa vijiko.

Wenye sinema walijaribu dawa nyingi. Mojawapo ya zile za mwanzo, iliyo ya gharama kubwa, ilikuwa kucheza mchezo mzima upya. Ndivyo ulivyofanywa huu. Bwana Géza von Bolváry, mwenyeji wa Budapest, aliwachezesha Gustav Fröhlich na Sybille Schmitz kwa Kijerumani. Kisha hadithi ile ile ikachezwa kwa Kifaransa na Pierre Richard-Willm na Edwige Feuillère, ikaitwa Stradivarius. Watu wakabadilishwa, vinywa vikabadilishwa, barua zilizosomwa zikabadilishwa. Fidla haikuhitaji kubadilishwa. Ilipolia katika mchezo wa Kijerumani na ilipolia katika mchezo wa Kifaransa ilieleweka vile vile.

Kijerumani na Kifaransa! Wazee wa Buha wangalicheka. Maana hapa kwetu tuliuona mchezo huo miaka 20 kabla, tena bila kulipa kiingilio. Hata mwaka 1916 amri zilitoka kwa Mjerumani. Mwaka ule Wabelgiji wakaingia Kigoma, na nchi hii ya Buha ikawa chini yao, wasemao Kifaransa, hata mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Serikali tatu na lugha tatu katika muda ambao mtoto huzaliwa na kufika umri wa kuchunga mbuzi. Bwana mkubwa alibadilishwa, kofia ikabadilishwa, bendera ikabadilishwa. Na kila mara alisimama pembeni mwa meza mtu mmoja aliyesikia neno la bwana kwa Kiswahili au kwa lugha yake, akaligeuza kuwa Kiha, akalirudisha jibu la Mwami au la mzee wa kijiji katika lugha ya bwana. Kodi ni kiasi gani, mzigo ni wa nani, mtu huyu ameshtakiwa kwa nini, yote yalipita katika koo la mtu huyo. Alikuwa karani, au tarishi, au askari. Huyo ndiye babu wa chama chetu, na sauti yake ndiyo tuliyoijia hapa leo.

Sasa twende Vugiri. Mwaka ule ule wa 1935, wakati Berlin inacheza fidla mara mbili, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe ilianzishwa kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Iliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka hasa kwa Carnegie Corporation ya New York. Shauri lilianzishwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia upande wa mafundisho. Hata mwaka 1937, kazi ilipokoma, walikuwa wametengeneza filamu 35. Zilihusu minyoo ya safura, malaria ya watoto, kodi, kilimo cha chai, na mambo kama hayo. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mtu mmoja aficha fedha zake nyumbani, mwizi azichukua, mwenziwe aziweka Posta, zakaa salama. Wanachama walio Posta watakubali kwamba hakuna tangazo lililokuwa na nia njema kuliko hilo, ijapokuwa hadithi yake haina fidla.

Kule Vugiri hawakuwa na fedha za kuucheza mchezo mara mbili kama Berlin, licha ya mara sita au saba. Nao walitaka filamu moja isemwe kwa Kiswahili hapa, kwa Kiganda Uganda, kwa Kinyanja Nyasaland, na kwa lugha nyingine tena. Basi walitenga picha na sauti. Picha ilikuwa katika ukanda, na sauti katika sahani za santuri. Filamu ilipopelekwa nchi nyingine, ilibadilishwa sahani tu. Kwa akili hiyo walistahili sifa. Lakini yeyote aliyepata kupiga santuri ajua taabu yake: sindano ikiruka, au ukanda ukikatika na kuungwa, maneno na picha hugombana. Mtu amekwisha kuanguka, na sauti ingali yamwonya asianguke.

Tunayo sababu ya Waha ya kuitaja Vugiri. Chini ya milima ile yametanda mashamba ya mkonge, na kwa miaka mingi watu wa Kasulu na Kibondo walikwenda huko kufanya kazi, wengi kwa miguu, na tangu mwaka 1944 wakiandikishwa na Silabu na kupelekwa kwa magari na reli. Wengi walikuwa hawajui Kiswahili walipotoka hapa. Walijifunza huko, katika safu za mkonge, kutoka kwa wanyapara. Sahani ya Kiswahili kwao ilikuwa nusu ya msaada. Nusu ya pili ilitoka kwa mwenzao aliyetangulia, aliyeketi karibu akinong'ona kwa Kiha. Huyo naye hakuandikwa popote.

Na hao waliotia sauti katika sahani? Wa Berlin na Paris tumewataja kwa majina, na ye yote apendaye sinema za kale aweza kuwapata. Wakuu wa Vugiri tumewataja kwa majina. Waliandika kitabu chao, kilichotoka mwaka 1937. Lakini Mwafrika yule aliyeketi mbele ya chombo cha kunasia sauti, akatafuta neno la kumfaa mama wa shambani kwa mdudu wa safura asiyeonekana kwa macho, huyo hatajwi pamoja nao. Fidla ya Cremona ina kikaratasi ndani yake. Sahani za Vugiri zilikuwa na sauti ya mtu mzima ndani yake, na kikaratasi chake kilitaja filamu.

Hapa tutasimama kidogo juu ya hadithi moja, maana imetusumbua siku nyingi. Maofisa wa sinema wa zamani walipenda kusimulia kwamba filamu ya malaria ilionyeshwa kijijini, na mbu akaonyeshwa mkubwa sana, hata akajaa kitambaa chote. Baada ya onyesho wanakijiji wakasema: Tumewahurumia watu wa nchi ile, kwa kuwa wana mbu wakubwa kama kuku, hapa kwetu ni wadogo, hawana madhara. Hadithi hii imesimuliwa katika nchi nyingi kiasi kwamba mtu aweza kuuliza kama ilitokea hata mara moja. Imetumika kuonyesha kwamba Mwafrika hafahamu picha, na kwa sababu hiyo atengenezewe picha za polepole na za kitoto. Lakini sisi twauliza swali la karani: aliyekuwa akitafsiri usiku ule alisema nini? Je, aliambiwa mapema kwamba picha itamkuza mbu? Aliwahi kuiona filamu kabla ya kupewa kipaza sauti? Alipewa nafasi ya kusema, au aliambiwa anyamaze mashine ikisema Kiingereza? Kati ya wote walioisimulia hadithi hii, hatujamsikia hata mmoja akitaja mkalimani. Kosa likiwapo, lilikuwa pale, katika hatua moja kati ya mashine na benchi la mbele. Lakini kwa kuwa mtu wa hatua ile hakuandikwa, kosa likahamishiwa kijiji kizima, na baadaye bara zima.

Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 Colonial Film Unit iliendelea na kazi hiyo, na kwa miaka mingi filamu zake nyingi zilitolewa bubu kusudi, ili msemaji wa Kiafrika asimame kando ya gari na kipaza sauti mkononi, aseme kwa lugha ya mahali. Tunakiri ya kuwa huo ulikuwa mpango bora kuliko sahani. Msemaji aliweza kuona uso wa mama aliye mbele, akajua kwamba hakuelewa, akalirudia neno kwa mfano mwingine. Alikuwa mpiga fidla wa usiku ule. Ukanda ulikuwa mmoja kwa nchi zote, na utamu au uchungu wake ulitoka kinywani mwake. Kwa nini basi taarifa za safari zile zihesabu maili, mafuta ya gari, na idadi ya watazamaji?

Mabwana, tusiwacheke wale wa zamani. Sisi wenyewe tumeitwa mara nyingi kutoka katika meza zetu, kalamu ikaachwa na wino mbichi, twende tukatafsiri: mgonjwa ameletwa, mgeni amefika, mkutano umeitishwa. Tukarudi jioni. Wiki iliyofuata tukapewa taarifa ya mkutano ule tuinakili, na ndani yake tukasoma: Wananchi walielezwa. Walielezwa! Kiswahili kina neno hili la kutendwa lililo na adabu nyingi, na makarani twalipenda, kwa kuwa halimtaji mtu wala halimgombanishi mtu. Lakini katika ofisi moja ambayo hatutaitaja tuliinakili sentensi hiyo mara nne katika mwezi mmoja, na mara zote nne aliyeeleza alikuwa ni yule yule aliyekuwa akinakili.

Chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika hakikuanza kwa ajili ya mishahara peke yake. Kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922 chini ya Martin Kayamba, karani aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, wanachama wake walikuwa makarani na walimu, watu ambao serikali nzima ilipita katika ndimi zao na kalamu zao, nao walitaka wahesabiwe kuwa watu wenye jina. Na ni furaha yetu kwamba sinema na chama vilikutana katika mtu mmoja. Mwanzo wa miaka ya 1950 serikali ilipatana na kampuni ya Afrika ya Kusini kutengeneza michezo ya Kiswahili, inayosema na kucheka kwa Kiswahili tangu mwanzo, isiyohitaji sahani wala mkalimani. Katika mchezo uitwao Muhogo Mchungu, mtu wa shamba aingia mjini na kudanganywa. Aliyecheza nafasi hiyo ni Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea, aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali, na kiongozi wa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika wa Tanganyika. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Kwa hiyo jina lake latajwa. Waliocheza pamoja naye hawakuwa mawaziri, na mkituuliza majina yao mtatuona tukikohoa.

Tumekaribia nyumbani. Katika vibanda vya video vya miji yetu, vijana hutazama michezo ya Hong Kong, ya India na ya Marekani ikisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti zake yenyewe. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo Dar es Salaam ni Kapteni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Wasomi wengine huikunjia uso kazi yake: husema aongeza maneno, huwabadilisha watu majina, huacha habari moja akaeleza nyingine. Ni kweli. Lakini Lufufu alifanya jambo ambalo hakulifanya mkalimani wa Mjerumani, wala wa Mbelgiji, wala msemaji wa gari la sinema. Alilitaja jina lake. Watu walikodi kanda kwa sababu ni ya Lufufu, kama vile matajiri wanunuavyo fidla kwa sababu ni ya Stradivari. Na akikosea, walijua nani amekosea. Sisi twalipa uzito jambo hilo la pili kuliko la kwanza.

Wenzetu wa Kibondo, na sisi wa Kasulu, tumeona pia upande ulio mzito zaidi. Tangu vita vya Burundi na vya Kongo wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu, Nyarugusu, Mtabila, Nduta na kwingineko, na katika miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilionyesha sinema kambini, za kuburudisha na za kufundisha afya. Mwaka 2015, Warundi walipovuka tena na kipindupindu kikatokea Kagunga kando ya ziwa, hapakuwa na nafasi ya hadithi ya mbu mkubwa. Maji haya yasinywewe. Mtoto anayehara apewe hiki. Mgonjwa apelekwe pale. Neno likipotoka kati ya Kiswahili na Kirundi, au kati ya Kifaransa cha daktari na Kiha cha mhudumu, mtu hufa. Kiha na Kirundi ni ndugu, mwenye kimoja husikia kingine, na kwa udugu huo watumishi wengi wa wilaya hizi wamekuwa wakalimani bila kuandikwa kuwa wakalimani. Karatasi husema: Wakimbizi walielezwa.

Tumalizie kwa chombo. Ndugu zetu Warundi wanayo fidla ya uzi mmoja, indingidi. Waganda huiita endingidi, na kwao ilianza kupigwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo ni changa kwa Stradivari kwa miaka mia mbili. Ni mzinga mdogo wa mti uliowambwa ngozi, fimbo iliyopenya, na uzi mmoja, uliofanywa zamani kwa katani au mshipa wa mnyama, ukipigwa kwa uta mdogo. Mkiiweka sikioni mtaona haisemi lugha ya mtu, na watu wawili wasiosikilizana kwa maneno huweza kukaa jioni nzima wakiisikiliza. Ndani ya mzinga wake hamna kikaratasi. Akifa aliyeichonga, huwa ya aliyeishika, na baada ya huyo huwa ya kale tu.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta hoja mbele ya mkutano huu, nayo ni fupi. Kwamba matawi ya Kasulu na Kibondo yawe na daftari moja lenye safu tano: siku, mahali, jambo lililoelezwa, lugha iliyotoka na lugha iliyoingia, na jina la aliyeeleza. Kila mwanachama aitwapo kutafsiri, mkutanoni, hospitalini, barazani au kando ya sinema, arudipo ajaze mstari wake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kulala, na akijua kwamba neno fulani lilimshinda, aliandike neno lile pembeni, ili atakayeitwa kesho asishindwe nalo. Kurasa za nyuma zihifadhiwe kwa wachongaji na wapigaji wa indingidi na vinanda vingine vya wilaya hizi: jina, kijiji, na mwaka.

Daftari limekwisha kupigwa mistari, nalo liko mezani kwa Katibu. Ukurasa wa kwanza tumewaachia wa Kibondo, kwa kuwa wao ndio waliotoka mbali.